Mkanda wa Wageni

Nondo ilimwingia fundi lipu chini ya mbavu za kulia ikatokea mgongoni. Nyingine ilipita pajani. Daktari wa mochwari alieleza hayo kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya mabasi, akionyesha kwa ncha ya kalamu. Kidole chake kimoja kilikuwa kimefungwa plasta. Inspekta alisimama upande wa pili wa meza ya chuma, mikono mfukoni, kwa sababu baridi ya mle ndani haikuwa na adabu.

Aliyelala mezani alikuwa mwanamume wa makamo, mwembamba, kucha zimeliwa na saruji. Jana asubuhi alikuwa juu ya jukwaa la mbao akipiga lipu ukuta wa nje wa jengo la ghorofa. Kabla jua halijafika utosini alikuwa ameangukia nondo za nguzo zilizoachwa zimesimama wima, zikisubiri zege. Wenzake walimchomoa wakidhani bado ana roho. Hakuwa nayo. Koplo, polisi wa kwanza kufika, alimkuta amelazwa juu ya mifuko ya saruji, mkanda wa usalama umemkaa kuanzia mabegani hadi mapajani, na kamba yake ya kujinasia ikiwa imelala chini, haijanaswa popote.

Hilo ndilo lililofanya faili kuwa jepesi. Msimamizi wa mafundi alisema mtu alipewa mkanda, akauvaa, akapanda, kisha akaona uvivu kunasa kamba. Mkuu wa kituo alilisoma neno "uzembe" akaridhika. Alimtuma Inspekta apitie mochwari, atie sahihi, kesi ifungwe kabla ya chakula cha mchana.

Na pengine angetia sahihi, kama si mjane. Mwanamke huyo alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, mapajani kwake mfuko wa nguo za kumvisha mumewe. Hakuwa akilia. Inspekta alipopita, alimshika mkono wa shati.

"Afande, sikuombi kitu kingine. Wanasema alipewa mkanda akapuuza. Wanangu wataniuliza baba alikufaje. Kama alikufa kwa ujinga wake nitawaambia. Kama siyo, sitaki kumsingizia maiti."

Inspekta alimwahidi kwamba jibu atalipata leo hii. Sasa, mbele ya meza ile, alikuwa akilitafuta.

Aliinama. Shati la marehemu lilikuwa limerukiwa na lipu kuanzia kola hadi kiunoni, madoadoa ya kijivu yaliyokauka yakawa magumu kama kokoto. Aliinua ukanda wa begani kwa ncha ya kidole. Chini yake madoa yaliendelea bila kukatika. Juu yake, kwenye ukanda wenyewe, hapakuwa na hata tone. Ulikuwa safi kama umetoka dukani.

Akashuka hadi mbavuni. Ukanda wa ubavuni ulipita juu ya tundu lenyewe. Aliuinua pia. Shati lilikuwa limetobolewa, nyama imefumuka, damu imeganda nyeusi. Ukanda haukuwa umekatika hata uzi. Upande wa ndani ulikuwa umelowa damu. Upande wa nje ulikuwa mkavu.

"Daktari," alisema, "nondo imetoboa shati, imetoboa mtu. Huu mkanda iliuruka?"

Daktari alijikuna kidevu. Alisema nondo hana uzoefu nazo, lakini hakuwahi kuona iliyochagua cha kutoboa. Mtu huyu alivishwa mkanda baada ya kuchomolewa, akiwa tayari maiti.

"Na hiki hapa ndicho kilichonichoma," aliongeza kwa kinyongo, akiinua kidole chake chenye plasta.

Kifuani, mahali ambapo kanda mbili hukutana, palikuwa pamefungwa kwa waya mwembamba, ule wa kufungia nondo, ukasokotwa mpaka ukakaza. Ncha zake zilikuwa zimegeuzwa nje, zimesimama kama pembe za konokono. Bizimu ya mkanda ilining'inia pembeni. Inspekta aliishika akitarajia kuiona imevunjika. Haikuwa imevunjika. Karatasi ya dukani ilikuwa bado imegandia kwenye meno yake. Aliibandua, akabana meno pamoja. Tak. Bizimu ilifunga bila kusita.

Alitafakari kidogo. Mtu aliyekuwa na bizimu nzima mkononi alikuwa ameiacha, akaenda kutafuta waya. Huyo hakuwa na haraka tu. Hakujua ile bizimu inafungwaje, kwa sababu hakuwahi kuvaa kitu kama kile maisha yake yote.

Kulikuwa na jambo jingine. Daktari alifunua mdomo wa marehemu. Mdomo wa chini ulikuwa umechanika kwa ndani, umevimba. Jeraha la maiti halivimbi, alisema Daktari. Hiyo ilikuwa ngumi, na ilitua mtu akiwa hai, muda mfupi kabla ya kuanguka.

Inspekta aliazima koleo dogo, akausokotoa ule waya kwa mkono wake mwenyewe, taratibu, akautia kwenye mfuko wa nailoni. Hakutia sahihi.

*

Njiani Koplo aliendesha gari akiwa amenuna. Alikuwa mtu mkubwa, mcheshi, na hakupenda kuambiwa kwamba aliandika uongo. Jana aliona mkanda, akaandika mkanda. Sasa macho yake yamekuwa na kosa gani?

"Macho yako ni mazima," Inspekta alimwambia. "Waliyaandalia cha kuona."

Eneo la ujenzi lilikuwa linanguruma kama vile jana haikuwapo. Mashine ya zege ilizunguka. Makarai yalipanda mkono kwa mkono. Chini ya nguzo ambako fundi lipu aliangukia, mtu alikuwa amemwaga mchanga mpya, lakini nzi hawadanganyiki kwa mchanga. Walikuwa wametua hapo wengi. Inspekta aliinua macho kwenye jukwaa. Mbao zake zote zilikuwa kuukuu, zimepauka kwa mvua na jua, isipokuwa moja. Hiyo ilikuwa mpya, bado ina rangi ya asali. Alimtuma Koplo apande ngazi akaiangalie kwa karibu.

Msimamizi wa mafundi aliwafuata akiwa na filimbi shingoni na kipande cha mpira wa maji mkononi. Mafundi walimwita Chapuchapu, kwa kuwa hilo ndilo neno aliloamka nalo na kulala nalo. Alikuwa mfupi, mnene wa shingo. Alimwita Inspekta "mama", akamkaribisha kwenye kiti cha plastiki, akaeleza upya kisa chote bila kuulizwa: mtu alipewa mkanda, mtu alivaa, mtu akapuuza. Kazi hizi ndivyo zilivyo. Unamlinda mtu, yeye hajilindi.

Inspekta aliomba kuiona hiyo mikanda.

Chapuchapu alifungua stoo kwa furaha. Ilikuwa imetundikwa ukutani kwa misumari, mmoja mmoja, imepangwa vizuri kama nguo za harusi. Msumari mmoja ulikuwa mtupu. Inspekta alipitisha mkono kwenye ile mingine. Kila mmoja ulikuwa ndani ya nailoni yake.

"Hii huvaliwa kila siku?"

"Kila siku, mama."

"Na kila jioni mnairudisha kwenye nailoni."

Alicheka, akasema wao ni watu wasafi. Inspekta hakucheka naye. Alichukua mkanda mmoja msumarini, akatoka nao nje hadi uwanjani, mafundi wakitazama, akamkabidhi.

"Nionyeshe unavyovaliwa."

Chapuchapu alichana nailoni kwa meno. Akaingiza mkono kwenye tundu moja, mkono wa pili kwenye jingine, akavuta. Kitu kilimkaba kwapani. Akazungusha, akageuza, akapitisha kichwa. Ukanda wa pajani ukamkaa shingoni. Alikuwa anatoka jasho, anapumua kama anayepigana na pweza.

"Bosi," alisema Koplo kutoka juu ya ngazi, "hilo ni la mguu."

Kibarua mmoja aliyebeba karai kichwani alishindwa kujizuia, akacheka. Kufumba na kufumbua Chapuchapu alikuwa amemfikia, mkanda ukimburuzikia nyuma, na ule mpira wa maji ukatua shingoni mwa kibarua kwa sauti ya kofi kubwa. Karai lilianguka. Mpira ukatua tena, usoni, damu ikachuruzika puani. Alikuwa ameunyanyua mara nyingine pale Inspekta alipoudaka kwa nyuma, akaupindua mkono wake mpaka vidole vikaachia. Kibarua alijifuta pua kwa kiganja, akaokota karai lake, akaenda zake bila neno, kama mtu aliyekwisha kuzoea. Hilo ndilo lililomtisha Inspekta kuliko pigo lenyewe.

"Wewe unapiga watu mbele ya polisi," alisema kwa upole. "Polisi wasipokuwapo unafanya nini?"

Chapuchapu alibadilika rangi. Kisha akapata ujanja. Alisogea karibu, akashusha sauti ikawa ya kirafiki. Kama Inspekta anatafuta mtu mkali, alisema, amekosea mlango. Muulize yeyote hapa. Jana asubuhi marehemu alipigwa ngumi ya mdomo chini ya jukwaa lile lile, mbele ya watu wote. Aliyempiga yupo, anafanya kazi, hata hakuomba ruhusa ya msiba. Yeye, Chapuchapu, alinyamaza kwa sababu ya kuhifadhi aibu ya watu. Ni mambo ya kifamilia.

"Nani?"

"Shemeji yake. Kaka wa mke wake. Fundi nondo yule pale."

*

Fundi nondo huyo eneo zima lilimwita Shemeji. Marehemu ndiye aliyekuwa akimwita hivyo kutoka juu ya jukwaa, kutwa nzima, akimtania: shemeji tupia maji, shemeji dada yako amenipikia mawe leo. Jina likamganda. Alikuwa amechuchumaa kwenye fremu ya nguzo iliyolazwa chini, mrefu, bega moja limeshuka. Alikuwa na kitita cha nyaya zilizokunjwa tayari kiunoni, plaizi mkononi. Alipitisha waya, akauvuta, akausokota, akakunja ncha. Akaenda kwenye makutano mengine. Hakuinua kichwa.

Inspekta alisimama akimtazama kwa muda. Ngumi ya mdomo, shemeji, kitita cha nyaya. Kila kitu kilikuwa kinamnyooshea mtu huyu kidole. Mtu angeweza kumfunga pingu hapohapo na kwenda kula. Lakini kulikuwa na kitu kimoja kwenye mikono yake ambacho hakikukaa sawa.

"Kwa nini unakunja ncha ndani?" aliuliza.

Shemeji alijibu bila kumtazama. Ukiiacha nje, alisema, itachungulia kwenye zege, ipate kutu, kutu itembee hadi kwenye nondo. Na itakuchana wewe mwenyewe unapopita. Mikono ya fundi nondo hukunja ndani hata akiwa amelala.

"Kila mara?"

"Kila mara."

Inspekta alipapasa fremu ile. Makutano yote, ncha zimezama ndani. Halafu alichuchumaa kando yake, akatoa mfuko wa nailoni, akauweka juu ya nondo mbele ya macho yake. Waya ndani yake ulikuwa na damu kavu kwenye mikunjo.

"Msokoto ni wako," alisema. "Ila huu ncha zake zilikuwa nje. Zilimchoma Daktari kidole. Nimeuliza kichwa changu tangu mochwari: fundi wa namna gani anafunga vizuri hivi, halafu anakosea kitu kidogo hivyo?"

Plaizi ilisimama. Kwa mara ya kwanza Shemeji aliinua uso. Macho yalikuwa mekundu, yamevimba, macho ya mtu ambaye hakulala.

"Sikukosea," alisema.

"Basi?"

"Ndani kulikuwa na kifua chake." Aligusa mfuko wa nailoni kwa ncha ya plaizi. "Ingemchoma."

Mashine ya zege ilizunguka. Kisha maneno yakaanza kumtoka Shemeji kama maji yaliyopata ufa, na Inspekta hakumkatiza.

Alisema wiki nzima ule ubao ulikuwa umeoza. Yeye aliuona kwa chini, ukipinda. Alimwambia Chapuchapu, akaambiwa akafunge nondo zake. Jana asubuhi alimkuta shemeji yake anaanza kupanda. Alimzuia. Alimwambia usipande bila mkanda, ubao huo si ubao. Marehemu akasema mikanda ni ya wageni. Ndivyo ilivyoitwa hapo, mikanda ya wageni, kama vile vikombe vizuri vya kabatini ambavyo watoto wa nyumbani hawaruhusiwi kugusa. Hutolewa wakaguzi wakija, ikatundikwa ionekane, ikarudishwa. Akiomba mkanda atafukuzwa, alisema marehemu, na bora apande. Basi Shemeji akampiga ngumi. Alimpiga kwa nguvu zake zote ili aanguke pale chini kwenye mchanga, ashindwe kupanda siku hiyo.

"Hakuanguka," alisema. "Alitema damu, akacheka. Akaniambia, shemeji, mkono wako umekuwa laini. Akapanda."

Kisha ubao ukakatika. Yeye ndiye aliyemchomoa kwenye nondo, nondo ambazo alizifunga mwenyewe. Alimwinua kwa kwapa, nyama ikishikilia chuma, ikitoa sauti ambayo bado anaisikia. Alikuwa bado amempakata pale Chapuchapu alipokuja na mkanda mpya, akautupa kifuani kwa maiti.

"Aliniambia, wewe umempiga mbele ya watu wote. Polisi wakimkuta bila mkanda, watauliza alisukumwa na nani. Watasema umemuua mume wa dada yako. Mvishe, itakuwa ajali. Nikamvisha. Sikujua ile bizimu. Nikatumia waya."

Inspekta alifungua kinywa kumwuliza jambo, na hapo akaona kivuli cha pili juu ya mchanga.

Chapuchapu alikuwa amewajia kwa nyuma na kipande cha nondo mikononi. Inspekta alimsukuma Shemeji kwa bega, ndiyo maana pigo lilimkosa utosi, likamshukia pembeni ya kichwa. Sikio lilichanika. Damu ilimwagika shingoni kwa wingi, ikamlowesha bega lililoshuka. Pigo la pili lilimpata Inspekta mwenyewe kwenye mtulinga, mkono wote ukafa ganzi, akapiga magoti. Juu ya jukwaa Koplo alipaza sauti na kuanza kushuka ngazi, lakini ngazi ilikuwa ndefu.

Chapuchapu alinyanyua nondo kwa mara ya tatu, na Shemeji akamrukia.

Walianguka juu ya fremu ya nguzo, chuma kikalia. Chapuchapu alimng'ata mkono. Shemeji hakuonekana kuhisi. Alimgeuza kifudifudi, akamkandamiza mgongo kwa goti, akachomoa waya mmoja kiunoni. Alifanya alichokifanya maisha yake yote. Alipitisha waya chini ya shingo, akauvuta, akakutanisha ncha kwenye kisogo, akazishika kwa plaizi. Akasokota mara moja.

Chapuchapu alitoa sauti kama ya bomba lenye hewa. Miguu yake ilipiga mchanga. Mafundi walikuwa wameacha kazi, wamezunguka, na hakuna aliyesogea. Kibarua yule wa karai alikuwa mbele kabisa, damu imemkauka puani, akitazama kwa utulivu wa kutisha.

"Acha," alisema Inspekta.

Plaizi ilizunguka tena. Ngozi ilifunguka chini ya waya, mstari mwembamba mwekundu ukatokea kuizunguka shingo.

Inspekta angeweza kutoa bastola. Mkono wa kuitolea haukuwa unamsikiliza. Alijivuta kwa magoti hadi uso wake ukawa karibu na uso wa Shemeji, kiasi cha kunusa damu yake.

"Dada yako amekaa mochwari na mfuko wa nguo," alisema polepole. "Ameniuliza kama mumewe alipewa mkanda akapuuza. Nimemwahidi jibu. Wanaolijua ni wewe na huyu. Ukimaliza kusokota, huyu atakuwa maiti na wewe utakuwa muuaji, na hakuna mahakama itakayomsikiliza muuaji. Mumewe atabaki kuwa mzembe. Milele. Ndicho unachomfungia hapa."

Plaizi ilisimama. Muda ulipita, mrefu kwa mtu ambaye hapumui. Halafu, kwa uangalifu ule ule wa ufundi, Shemeji alizungusha mkono kinyume. Waya ukalegea. Chapuchapu alivuta hewa kwa mlio mbaya, akatapika mchangani. Koplo alifika akihema, akamfunga pingu, kisha akamtazama Shemeji na pingu ya pili mkononi, akasita.

"Yeye apelekwe kwanza akashonwe sikio," Inspekta alisema. "Mengine baadaye."

Koplo alikuwa na habari yake pia. Ule ubao mpya ulikuwa umepigiliwa jana. Vipande vya ule wa zamani vilikuwa bado vimebaki kwenye misumari, vimeoza mpaka vinapondeka kwa vidole. Alikuwa amevitia mfukoni. Inspekta alimwambia avitunze kama mboni ya jicho.

Chapuchapu alikaa mchangani, mate na damu vikimtiririka kidevuni, akaanza kulia. Si kilio cha majuto. Alikuwa analalamika. Yeye ni mtu wa kutumwa tu, alisema kwa sauti iliyochubuka. Mikanda si yake. Huja na gari kabla ya wakaguzi, huondoka na gari baada yao, inakwenda kuonyeshwa kwenye jengo jingine la bosi. Safari hii ilichelewa kuondoka. Angefanya nini? Kama angeigawa ikachafuka, angefukuzwa yeye.

"Ulimwambia bosi wako kuhusu ubao?"

Chapuchapu aliinamisha uso. Uso huo ulikuwa na jibu, lakini Inspekta alitaka lenye sauti, na bahati, ambayo siku hiyo ilikuwa haijafanya kazi, ikaamka. Simu ilianza kulia mchangani, mahali ilipomdondoka Chapuchapu wakati wa vurugu. Kwenye kioo kilichopasuka lilionekana neno moja: Bosi.

Inspekta aliiokota kwa mkono mzima, akabonyeza sauti itoke nje, akanyamaza.

"Chapuchapu," ilisema sauti ya mwanamume, tulivu, ya mtu aliyekaa kwenye kiti kizuri. "Hao askari wameondoka? Sikiliza. Wapandishe watu, hiyo lipu imalizike wiki hii. Ule ubao si nilikwambia tangu mwanzo ugeuze tu upande wa pili, ungesogeza siku? Basi. Na mikanda ipakie leo leo, wakaguzi wanaelekea kule kwingine. Angalia isichanike nailoni."

Uwanja mzima ulisikia. Mashine ya zege ilikuwa imezimwa, hakuna aliyejua na nani. Chapuchapu alifumba macho.

"Chapuchapu? Uko hapo?"

"Hayupo," alisema Inspekta.

"Nani huyo?"

"Mimi ndiye niliyemfungua marehemu mkanda. Usiondoke ofisini kwako. Nakuja."

Alikata simu. Hakuna fundi aliyeshangilia. Ila kutoka juu, kutoka kila upande wa jengo, watu walianza kushuka ngazi mmoja baada ya mwingine, wakiweka miiko na makarai yao chini, wakasimama pamoja kivulini. Kibarua yule wa karai alikwenda hadi kwenye ule mkanda uliotupwa uwanjani, akaukung'uta mchanga. Aliugeuza huku na huko, akatafuta bizimu, akajaribu. Ilimchukua muda. Kisha ikasikika: tak. Akaufungua, akaufunga tena, akampa mwenzake ajaribu.

*

Mjane alikuwa bado kwenye benchi lile lile. Alikuwa ameitoa kanzu mpya mfukoni na kuikunja upya, mikono ndani. Alimwona Inspekta anakuja, mkono mmoja umefungwa kitambaa shingoni, akasimama kabla hajafikiwa.

"Hakupuuza," alisema Inspekta. "Hakupewa mkanda. Aliuomba moyoni tu, akaogopa kuutaja. Nitalisema hilo mahakamani, na wewe waambie wanao."

Mwanamke aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama anayelipanga neno hilo mahali ambapo halitapotea. Machozi yaliyokuwa yamegoma tangu jana yakamjia. Inspekta alimwacha ayatoe. Alikuwa amekwisha kugeuka kwenda kwenye gari, akidhani ameruhusiwa, aliposikia sauti nyuma yake, nyembamba, ikifikiri.

"Lakini mimi nilimwona nao. Jana waliponiita nimtambue, alikuwa amefungwa mkanda kifuani, na waya. Kama hakupewa, nani alimvisha?"

Inspekta alimshika mkono. Alitembea naye hadi nje, hadi kwenye gari lililoegeshwa juani. Ndani, kando ya Koplo, alikaa mwanamume mrefu mwenye bega lililoshuka, kichwa kimefungwa bandeji, mikono iliyolowa damu ya watu watatu tangu jana imelala mapajani.

Alifungua mlango, akasogea pembeni, dada amwone kaka yake.